Mlango umepakwa kwa namba ileile ya rangi, mbona haufanani na gari? Mafundi rangi na wazoefu naomba mnielimishe

#1 Kimara_Mwisho
Wakuu salaam. Nina Premio ya mwaka 2008, silva. Bajaji ilinikwangua mlango wa mbele kushoto hadi bati likakunjika, fundi bodi akasema halinyoosheki. Nikaenda Ilala kusaka mlango wa mtumba, uliopatikana mzima ulikuwa wa bluu. Nikachukua, maana kupaka ni lazima.

Fundi rangi akasoma kibati cha gari: C/TR 1F7, yaani namba ya rangi ni 1F7. Duka la rangi wakachanganya kwa kompyuta na mzani, namba hiyohiyo, mimi nimesimama pale. Mlango ukapigwa beisi (rangi yenyewe), ukapigwa klia (tabaka la juu lisilo na rangi), unang'aa vizuri tu.

Shida ni hii. Mchana nikisimama mbele ya mlango naona sawa kabisa. Nikisogea nyuma karibu na taa nikatazama kwa ubavu, mlango unakuwa na giza kuliko fenda na kuliko mlango wa nyuma. Jioni ndiyo mbaya zaidi. Fundi anasema duka limekosea, duka wanasema fundi ndiye hajui kupiga. Nani mkweli? Na kuna namna ya kurekebisha bila kupaka gari zima?

#2 Ngosha_wa_Nyamagana
Pole mkuu. Hapo hakuna fumbo, fundi kachakachua. Rangi haikutosha akajazia na iliyobaki ya gari la mtu mwingine. Mdai hela yako mapema.

#3 FundiRangi_Buguruni
Ngosha, usimhukumu mwenzangu kabla hujaliona gari.

Silva ndiyo rangi inayotutesa kuliko zote, na watu wanadhani ndiyo rahisi. Ndani ya kopo kuna vipande vidogo sana vya aluminiamu, bapa, kama dagaa waliotandazwa juani. Vikilala vyote bapa kwa mpangilio mmoja, ukitazama usoni unapata weupe mkali na ukitazama ubavuni unapata giza. Vikikaa shaghalabaghala, usoni panapoa kidogo na ubavuni panakuwa peupe zaidi. Kopo ni lilelile moja! Anayeamua vilale vipi ni mkono wa fundi: umbali wa bomba la kupulizia, presha ya upepo, kasi ya mkono, thina (ya kulainishia rangi) inayokauka haraka au taratibu, na joto la siku hiyo. Ukipiga kavukavu, rangi inakamata ikiwa nyembamba na vipande vinalala bapa. Ukipiga mbichi, vinaogelea kwanza ndipo vinakaa, kila kimoja upande wake.

Mleta uzi anasema usoni sawa, ubavuni giza. Mimi nasema imepigwa kavu. Mkuu, ulipigiwa wapi na saa ngapi?

#4 Kisauni_Kwetu
Salaam kutoka Mombasa. Fundi umeeleza vizuri sana lakini umeruka jambo kubwa: 1F7 si rangi moja.

Toyota wameitumia miaka mingi, kwenye modeli nyingi, na kila kiwanda na kila msimu rangi inatoka na tofauti yake ndogo. Kampuni zinazotengeneza rangi za gereji zinalijua hilo. Ndiyo maana kwenye kompyuta ya duka namba moja inakuwa na fomula ya msingi, halafu pembeni kuna nyingine: yenye chembe kubwa, yenye chembe ndogo, inayoelekea bluu, inayoelekea njano. Nairobi kule Kirinyaga Road, duka la maana lina vikadi vilivyopakwa tayari. Unachukua vyote vya namba yako, unavibandika kwenye bodi juani, unazunguka navyo pembe zote ndipo unachagua. Kama wao walichukua fomula ya kwanza iliyotokea kwenye skrini, hata apige malaika haitafanana.

#5 Mama_Salma
Afadhali hiyo yako inafanana mchana. Harrier yetu nyeupe ilibadilishwa bampa la mbele, fundi akaja na nyeupe yake. Mchana bampa linaonekana kama chaki, gari lenyewe lina kung'aa fulani hivi kwa ndani. Usiku tukiingia kituo cha mafuta chini ya zile taa, bodi inavuta njano na bampa limebaki jeupe pe. Nikimwambia ananijibu "mama, nyeupe ni nyeupe".

#6 Ngosha_wa_Nyamagana
Sasa dada, kwani nyeupe si nyeupe? Hapo fundi simlaumu. Labda klia ndiyo ya bei rahisi.

#7 Yadi_Magomeni
Ngosha leo umeamka na hukumu zote mbili, ya silva na ya nyeupe 😄

Mama Salma, angalia kibati. Kwa Toyota, namba ya rangi ikianza na 0 ni jamii ya nyeupe, 1 silva na kijivu, 2 nyeusi, 3 nyekundu, 6 kijani, 8 bluu. Nyeupe ya kawaida ni 040. Hiyo ya kung'aa kwa ndani karibu hakika ni 070, na hiyo ni kazi ya tabaka tatu: nyeupe ya chini, juu yake tabaka jembamba la chembe za maika zinazopitisha mwanga, kisha klia. Fundi wako kapiga 040 au nyeupe ya dukani, akaishia hapo.

Na hata anayejua tabaka tatu anaweza kukosa, kwa sababu kila mkono (yaani kila mpulizo) unaoongeza wa lile tabaka la kati, tunaloliita lulu, unaihamisha rangi. Fundi makini anachukua kibati cha majaribio, anakipaka nyeupe yote, kisha anakigawa: sehemu moja mkono mmoja wa lulu, inayofuata miwili, mitatu, minne. Anapiga klia, anakiweka kwenye gari, anahesabu mikono inayofanana. Bila hilo anabahatisha tu.

#8 Mama_Salma
Ahsante Yadi. Nimetoka kuangalia, ni 070 kweli. Kwa hiyo bampa linapakwa upya lote?

#9 Yadi_Magomeni
Ndiyo dada, lote. Na fundi akikataa kukuonyesha kibati cha majaribio, tafuta mwingine.

#10 Mkemia_wa_Mlimani
Naomba niongeze sababu ambayo hamjaigusa, yaani mwanga.

Rangi mbili zinaweza kutengenezwa kwa viambato tofauti kabisa na zikafanana chini ya mwanga mmoja, kisha zikaachana chini ya mwingine. Kiwanda kinatumia viambato vyake, duka lina vyake. Jua la saa sita lina mawimbi yote kwa wingi, la jioni limeegemea wekundu, taa ya tyubu ya gereji ina mawimbi machache yenye nguvu kuliko mengine. Bampa la Mama Salma linapokuwa chaki mchana na kuachana zaidi chini ya taa, sehemu ya sababu inaweza kuwa hiyo, juu ya hilo tabaka lililokosekana.

Kwa mleta uzi kuna vitu viwili vimechanganyika: pembe na mwanga. Vitenganishe. Asubuhi kukiwa na jua safi, zunguka gari bila kungoja mwanga ubadilike. Giza likitokea kwa kubadili pembe tu, ni chembe. Kisha simama pembe moja ile ile asubuhi, mchana na jioni. Tofauti ikija na saa, huenda ni viambato, ingawa jua nalo linahama pembe.

#11 Kimara_Mwisho
Nashukuru wote. Nimefanya alivyosema Mkemia. Asubuhi na jua moja lile lile, nikizunguka giza linakuja. Pembe inatosha yenyewe. Ila nikisimama pembe moja hadi jioni, giza linaongezeka kidogo pia, kwa hiyo sijui niseme nini.

Fundi Buguruni, ilipigwa nje, chini ya mwembe, mchana jua kali, na kaupepo kalikuwepo. Kibati cha majaribio hakikupakwa. Na Kisauni, fomula ilikuwa moja tu, hawakunionyesha vikadi vyovyote.

#12 FundiRangi_Buguruni
Mchana wa Dar, nje, na upepo. Thina inakimbia kabla rangi haijatua. Nimesema kavu na bado nasema kavu. Dawa yake ni thina ya taratibu na kupiga asubuhi mapema.

#13 Kisauni_Kwetu
Fundi, kwa heshima yote, kama ni kavu tu basi na usoni pangekuwa peupe kuliko fenda. Yeye anasema usoni ni sawasawa. Usoni sawa na ubavuni giza, hiyo fomula ina kasoro ubavuni. Kwenye mchanganyo huwa kuna kiambato maalumu cha kuvuruga mlalo wa chembe ili ubavu uwe mweupe, na wakati mwingine tone la nyeupe linafanya kazi hiyo. Fomula mbadala ya namba hiyohiyo ingekuwa nacho.

#14 FundiRangi_Buguruni
Inawezekana fomula ilikuwa na giza pande zote, na ukavu ukaupandisha uso hadi ukafanana. Hapo tuko wote wawili sahihi, na mimi nimetangulia 😄

#15 Mjomba_wa_Tandika
Nawasoma kimya naona mnazunguka mbali. Gari ni la 2008! Limekaa kwenye jua la Japan, kisha la Dar. Mlango umepakwa juzi. Gari ndilo limepauka, mlango ndio wenye rangi sahihi. Chukua kompaundi (ile dawa ya kung'arishia rangi), sugua fenda na mlango wa nyuma, utaona vinarudi.

#16 FundiRangi_Buguruni
Mjomba, kupauka unakokujua wewe ni kwa zile rangi za zamani zisizo na klia. Nyekundu ya namna hiyo inageuka kama waridi na ukiifuta kitambaa kinatoka chekundu. Silva ya beisi na klia haipauki hivyo, aluminiamu haifi kwa jua. Kinachozeeka ni klia: inajaa mikwaruzo, inashika ukungu, mara nyingine inavuta unjano.

Ila kwenye kusugua nakuunga mkono, na ningependa kila mteja asikie. Kabla ya kulinganisha chochote, osha na sugua kwa kompaundi paneli za jirani. Wengi wanalinganisha rangi mpya na uchafu wa miaka.

#17 Baharia_Muscat
Assalaam alaykum. Huku Muscat, gereji za Wadi Kabir, fundi mzuri anakuja na kile kipima rangi cha mkononi. Anakiweka kwenye fenda iliyosafishwa, kinamulika na kusoma kwa pembe kadhaa, kinatafuta fomula iliyo karibu zaidi kati ya maelfu. Nimeona kwa macho yangu. Na bado, baada ya mashine yote hiyo, anapaka kibati cha majaribio na hatimaye anafifisha.

Nadhani hapa hakuna aliyeitaja hiyo ya kufifisha, na ndiyo jibu la swali la pili la mleta uzi. Beisi haikatizwi pale mlango unapoishia. Fundi anaikwangua kwa msasa laini fenda na mlango wa nyuma, anapiga mlango mpya kamili, kisha anaisogeza beisi ndani ya paneli za jirani ikizidi kuwa nyepesi hadi inapotea kabla ya kufika ukingoni. Halafu klia inapigwa kwenye paneli zote tatu, nzima nzima. Tofauti inabaki, lakini jicho halina mstari wa kuikamatia. Jicho linaona mkato haraka sana, badiliko la polepole linalikosa.

Hata fomula ikiwa sahihi huku wanafifisha silva. Hakuna anayethubutu kukatiza mlangoni.

#18 Ngosha_wa_Nyamagana
Kwa hiyo mlango mmoja umegongwa, nalipia paneli tatu? Baharia huko mna riyali, sisi hapa tuna madafu.

#19 Baharia_Muscat
Ngosha ndugu yangu, ulipe tatu mara moja au moja kila mwezi, chagua mwenyewe.

#20 Mwalimu_Ubungo
Hapo ndipo bima wanapotuumiza. Nina bima kubwa. Niligongwa fenda, mkadiriaji akaja akaandika fenda moja: kunyoosha na kupaka. Gereji wakamwambia silva lazima ifike mlangoni na kwenye boneti. Akajibu kwamba mlango na boneti havikugongwa, hawalipii kisichogongwa. Nikaandika barua kwamba wajibu wao ni kulirudisha gari katika hali iliyokuwepo kabla ya ajali, na kabla ya ajali gari langu lilikuwa na rangi moja. Mwishowe walilipia mlango, boneti wakakataa. Ushauri wangu: fundi akuandikie kwenye makadirio ya kwanza kabisa kwamba kufifisha ni sehemu ya kazi, na mpige picha za ubavuni kabla ya kuchukua gari. Ukishasaini umepokea, imekula kwako.

#21 Yadi_Magomeni
Mwalimu anasema kweli, na madhara yake yanakuja siku ya kuuza. Mnunuzi mjuzi haanzi na injini. Anachuchumaa kwenye kona ya nyuma anatazama ubavu mzima hadi mbele. Akiona paneli imebadilika anakata bei palepale, hata kama ni bajaji tu iliyokwangua.

#22 Mpwa_wa_Houston
Nje ya mada kidogo. Hapa Marekani Toyota waliongeza muda wa dhamana kwa baadhi ya modeli zenye 040 na 070 kwa sababu rangi ilikuwa inabanduka yenyewe, jua linadhoofisha mshiko kati ya praima (rangi ya kutangulizia) na tabaka la chini yake. Inatoka vipande vikubwa hadi chini. Wenye nyeupe msidhani mmepona.

#23 Mama_Salma
Houston usinitishe, bado nina bampa 😂

#24 Mzanzibari_Mie
Nyote mwasema milango. Mie gari yangu haijawahi kugongwa, naijua tangu ilipotoka bandarini, na bampa ya nyuma haifanani na buti. Kidogo tu, lakini nikiiona siwezi kuiacha kuiona. Hilo nalo nani kalifanya, fundi gani?

#25 FundiRangi_Buguruni
Kiwanda chenyewe, ndugu. Bodi ya bati inapakwa kwa mashine zinazozunguka na kuchaji rangi kwa umeme ili irukie bati, kisha inaingia oveni kwenye nyuzi kama 140. Bampa ni plastiki, joto hilo lingeiyeyusha umbo. Mara nyingi inapakwa kando, kwa rangi yenye ulaini ili isipasuke ikibonyea, na inaokwa kwenye nyuzi 80 hivi. Chembe hazilali sawa. Na umbo la bampa limejikunja, unalitazama kwa pembe nyingine na buti kwa pembe nyingine, basi hata rangi ileile ingekuonyesha tofauti.

Kwa hiyo mteja asije akanitaka bampa lifanane na fenda kuliko kiwanda kilivyoweza. Sisi wa gereji tunakausha kwenye nyuzi 60 tukibahatika kuwa na oveni, la sivyo ni jua na subira.

#26 Mkemia_wa_Mlimani
Fundi hilo la bampa ni zuri sana. Linanipa wasiwasi na mlango wa Kimara pia: chini ya silva kuna nini? Mlango ulikuwa wa bluu. Beisi ikiwa nyembamba haifuniki kikamilifu, bluu inachungulia kama giza, hasa ukitazama kwa ubavu. Walipiga praima ya kijivu yote, au walikwangua bluu wakapiga juu yake?

#27 Kimara_Mwisho
Praima ilipigwa palipokuwa na puti tu. Kwingine walikwangua msasa juu ya bluu wakaendelea.

#28 Kisauni_Kwetu
Eeh! Sasa zimekuwa sababu nne.

#29 FundiRangi_Buguruni
Silva inafunika vizuri kuliko watu wanavyodhani, aluminiamu ni bati kwa mwanga. Nyekundu na njano ndizo zinazoonyesha cha chini. Lakini kwa fundi aliyepiga kavu na haraka, sikatai moja kwa moja.

#30 Mjomba_wa_Tandika
Mimi bado nasema mkasugue fenda kwanza.

#31 Kisauni_Kwetu
Kimara, ukirudi dukani usiende na namba peke yake. Fungua kifuniko cha nje cha tangi la mafuta, kinatoka kwa skrubu chache, kisugue kwa kompaundi upande mmoja, nenda nacho. Walinganishe fomula zote za 1F7 na kitu kilicho mkononi, nje juani, usoni na ubavuni. Wapake kibati kabla ya kuuza kopo. Duka likikataa, toka.

#32 Yadi_Magomeni
Kifuniko ni wazo zuri, ila mnajuaje kwamba kifuniko chenyewe ni rangi ya kiwandani? Magari haya yamekuja yakiwa yametumika, mengi yalishapakwa paneli moja mbili hukohuko Japan na watu wenye mikono mizuri. Tafuteni mwenye kipima unene wa rangi. Rangi ya kiwandani mara nyingi inasoma mikroni 100 hadi 150 hivi. Paneli ikikupa 250 na zaidi, imepakwa tena, na hapo mnalinganisha na kazi ya fundi mwingine, si ya Toyota.

Na karatasi ya mnada wa Japan, ile ya ukaguzi wa gari, inasaidia. Kwenye ule mchoro wa gari, W na namba yake ni pale palipokarabatiwa, XX ni paneli iliyobadilishwa. Kimara, kama uliyemnunulia alikupa hiyo karatasi, weka picha yake hapa. Wote tumeukalia mlango kooni, mimi nataka kuiona fenda ya kushoto.